Kilemba Alichokirudisha Mzee Nassoro

Kisumu,
Ijumaa baada ya sala,
mwezi wa Rajabu.

Kwa mama yangu, Bi. Mwanamisi, Munje.

Shikamoo Mama. Ipokee mara mbili, moja ya leo na moja ya ile miezi minne niliyonyamaza. Kunyamaza kwangu hakukuwa ugonjwa wala kusahau. Kuna maneno nilikuwa nayapika, na wewe ndiwe uliyenifunza kutopakua chungu kabla hakijaiva.

Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokupelekea, usiwagawie majirani wote, najua tabia yako. Na makuti unayosuka, suka ukiwa umekaa kitini, usiketi mkekani kutwa nzima kama msichana. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, nafanya kazi. Nimekonda kidogo lakini si kwa njaa.

Mama, kabla barua haijaenda mbali, naomba mambo mawili. Kwanza, mjomba Rashidi aitwe, aje akae hapo barazani asikie pamoja nawe, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wetu na kuna kazi nitakayompa. Msubirini mpaka afike. Pili, namshukuru Hamadi anayekusomea. Mtaani kwetu ni yeye aliyekaa na kitabu, na miaka yote hii barua zangu amezisoma yeye na majibu yako ameyaandika yeye. Ahsante Hamadi. Leo barua ni ndefu, usichoke. Nakala yake, neno kwa neno, nimempelekea Maalim wa chuo, nikamwomba akupitie kabla ya Ijumaa ijayo akusomee tena. Si kwamba simwamini Hamadi, ila macho ya mtu huweza kuchoka yakaruka mstari.

Habari za huku ndizo zile zile. Ziwa lipo, halina chumvi, na mimi mpaka leo nikinawa uso naona kama sijanawa. Napiga lipu kwenye nyumba za walimu zinazojengwa nje ya mji. Kuna wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama moshi, na siku wakitoka hunasa kwenye lipu mbichi maelfu kwa maelfu, ikabidi ukuta ukwanguliwe uanze upya. Watu ni wema ila hawaamkiani. Mtoto wa juzi anamrushia mzee "habari" kama anayemrushia kuku mahindi, na mzee anaitikia. Mwanzo nilikuwa nakasirika, sasa nacheka.

Lakini jambo moja bado linanikera, na ndilo linaloniingiza katika niliyokusudia kukuandikia. Huku, Mama, kila mtu ni fundi. Anayeziba mpira wa baiskeli ni fundi. Anayefungua redio akashindwa kuifunga ni fundi. Tangu bendera yetu ipandishwe na Wazungu wa kazi za serikali waanze kufungasha, neno lenyewe limekuwa kama karanga za kuonja sokoni, kila apitaye huchota. Anayesimamia kazi yetu alitupanga mstari siku ya kwanza, akauliza, "Nani fundi hapa?" Mikono ikainuka kama chipukizi za mahindi. Wangu haukuinuka. Akaja akanitazama nikichanganya udongo, akanitazama nikishika mwiko, akasema, "Wewe mtu wa pwani unanichezea. Wewe ni fundi." Nikamwambia, "Mimi ni mwanafunzi, bwana." Akacheka akadhani ni adabu za kwetu. Baadaye alinipeleka kwenye mtihani wa serikali, nikapita, nikapewa karatasi yenye muhuri. Iko chini ya godoro. Wananiita fundi mchana kutwa na mimi huitika kwa sababu ya ujira, lakini moyoni siitiki.

Wewe unajua kwa nini. Ndiwe uliyenishika mkono ukanipeleka kwa Mzee Nassoro kwenye tanuru lake la chokaa, na ubani katika kisahani na doti ya kanga kwa mkewe. Nilikuwa nimebaleghe juzi tu. Nilimkuta amekaa juu ya rundo la mawe ya matumbawe, nyusi zake nyeupe kwa vumbi, na la kwanza aliloniuliza halikuwa jina. Aliniuliza, "Fundi ni nani?"

Nikasema fundi ni mtu anayejua kazi sana.

"Huyo ni mzoefu," akasema. "Na punda wangu anayebeba mawe ni mzoefu, njia ya pwani anaijua hata nikimfunga macho. Haya, sema tena."

Nikasema ni mtu aliyefanya kazi miaka mingi.

"Huyo ni mkongwe. Ukongwe hauna jasho, unakuja wenyewe hata kwa mlevi."

Nikajaribu stadi. Akasema neno hilo lilikuja na Waarabu pamoja na ustadhi, ni zuri na lina heshima yake, lakini mtu anaweza kuwa stadi peke yake chumbani na mlango umefungwa. Ndipo akaniambia hili, na nimelibeba mpaka huku: "Fundi limetoka kwenye kufunda. Mwari hufundwa, na nafaka kinuni wazee wetu walisema hufundwa pia, kwa pigo baada ya pigo mpaka ganda litoke. Fundi ni yule aliyemfunda mwenzake. Mpaka awepo mtu aliyetoka mikononi mwako akiijua kazi, wewe si fundi, hata ungejenga Makka."

Nilimpenda kwa maneno yale. Naliandika hili makusudi, ili asiseme mtu kwamba nilimchukia tangu mwanzo.

Na hiyo ndiyo maana ya kilemba, ambayo huku nikiwaeleza wananikodolea macho. Mwanafunzi akikomaa, hununua nguo nyeupe, mama yake hupika, watu huitwa, na mwanafunzi humvika mwalimu wake kilemba mbele yao. Siku hiyo wawili huzaliwa kwa mpigo mmoja. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi kwa jina lake, na aliyemfunda anaitwa fundi bila mtu kukohoa. Mzee Nassoro watu walimwita fundi kwa heshima ya nywele zake, lakini kichwa chake kilikuwa hakijaguswa na kilemba. Wanafunzi wote wa kabla yetu walikimbia moto wa tanuru. Tulibaki wawili, mimi na huyu Hamadi anayekusomea, mtoto wa dada yake.

Na mpwa hamvishi mjomba wake kilemba. Hilo mjomba Rashidi atalithibitisha. Kwetu sisi Wadigo mali ya mjomba ni ya mpwa, na kazi ni mali, kwa hiyo mpwa akimvika mjomba ni kama mtu aliyejivika mwenyewe. Basi kilemba cha Mzee Nassoro kilikuwa kwangu tu, mimi mwana wa watu.

Sasa hii barua yenu ya mwisho. Inaanza, "Mpendwa mwanangu Suleimani." Mama, wewe hujawahi kuniita mpendwa mwanangu Suleimani tangu unizae. Waniita Sule, na ukikasirika waniita mwana wa babaye. Nikajua maneno haya yamepita mdomo mwingine kabla ya kufika kwenye wino. Barua inasema Mzee Nassoro chokaa imemla macho, haoni tena. Inasema anataka nije, au nilete kile kilemba, naye sasa atakipokea. Inasema wewe unaniomba nisamehe, kwa kuwa yaliyopita si ndwele. Lakini lile linalowakimbiza halikuandikwa. Nililipata kwa huyu bwana wa Mkongani anayefanya kazi ya reli, aliyekuleteeni barua hii, maana hutoka likizo na masikio yake wazi. Pale Diani pana hoteli inayojengwa, na wenyewe wanataka kuta za chokaa za mtindo wa zamani, na wanamtaka fundi aliyerithi kazi kwa fundi. Hamadi ameomba kazi hiyo. Wazee wa Munje wakaulizwa, wakasema ukweli, kwamba fundi asiyevikwa kilemba hana cha kurithisha. Mwiko wa mjomba wake uko ndani ya nyumba ya Hamadi, na haumsaidii.

Kwa hiyo sasa wamenikumbuka. Hamadi, endelea kusoma.

Mama, ile siku unaikumbuka wewe kuliko mimi, lakini hujui kilichotangulia, kwa kuwa sikukwambia. Leo nakwambia.

Tulikuwa tumechoma tanuru zuri, chokaa nyeupe kama maziwa, kwa ajili ya lipu ya msikiti wetu, kazi niliyokabidhiwa mimi. Tukaimwaga shimoni na maji ili izimike. Chokaa, Mama, haizimiki kwa haraka ya mtu. Kuna punje hubaki hai ndani, huwezi kuziona, na ukiipaka ukutani kabla ya wakati, punje hizo hulala. Zikipata unyevu huamka, huvimba na kuruka. Mzee Nassoro alituagiza tuliache shimo mpaka mwezi ule uishe. Mimi nikaaga nikapanda Kinango kutafuta mbuzi wa kilemba, maana kule ndiko kwenye mnada na mimi nilitaka mbuzi wa maana. Ukame ulikuwa mkali, wenye mifugo walikuwa mbali wakitafuta maji, nikakaa siku nyingi kuliko nilivyodhani. Niliporudi nikiwa na mbuzi wangu na kamba mkononi, nikakuta shimo limefukuliwa na ukuta umekwisha kupigwa lipu. Hamadi aliniambia mjomba wake aliona chokaa imewiva. Nikamuamini. Alikuwa ni ndugu yangu, tumekula sahani moja.

Siku ya kilemba ikafika. Wewe ulipika pilau tangu alfajiri. Watu walijaa uani kwa Mzee Nassoro baada ya Adhuhuri, na mimi nimesimama na ile bafta, nguo nyeupe ya kilemba, imekunjwa juu ya mikono yangu miwili, nimevaa kanzu ya kuazima. Na usiku wa jana yake ilikuwa imenyesha. Akaja mtu mbio kutoka msikitini, anafuta kichwa, akasema ukuta unatema. Vipande vinaruka, watu wamesali huku vinawaangukia mabegani.

Wote tukaenda kutazama. Ukuta ulikuwa na mashimo mashimo kama uso wa mwenye ndui. Mzee Nassoro akausogelea. Akaweka kiganja chake juu ya lipu, akakipitisha pole pole kutoka huku kwenda huku. Nilimwona, Mama. Kisha akarudi uani, akakaa, nami nikaja na kilemba changu kwa kuwa sikujua la kufanya, na akanisukuma mikono mbele ya watu wote akasema, "Kilemba chako sikivai, Suleimani. Kazi yako imewamwagikia watu katika nyumba ya Mungu. Bado wewe ni mwanafunzi."

Hamadi alikuwa amesimama karibu na sufuria zako. Hakusema neno. Hamadi, koo lilikuuma siku ile? Kwani leo unasoma vizuri.

Mama, pilau yako ilirudi nyumbani. Tuliibeba wenyewe, wewe sufuria moja na mimi moja, tukapita katikati ya watu, na mbuzi akitufuata mwenyewe kwa sababu hakuna aliyemkumbuka. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na mimi nilichutama. Lakini sikusahau ulivyokuwa ukitembea. Ulikuwa ukitembea kama mtu anayevuka mto, unatafuta pa kuweka mguu, na njia ilikuwa kavu.

Sasa sikiliza jambo ambalo hulijui. Mwiko una mwandiko. Mtu wa mkono wa kulia akipiga lipu, mikwaruzo yake huegemea upande mmoja, na wa mkono wa kushoto huegemea upande wa pili. Wewe hili utalielewa kuliko mtu yeyote, kwa sababu kuti lililosukwa na mtu wa kushoto unalijua hata likiwa juu ya paa, na umewahi kuniambia halikai vyema na wenzake. Ule ukuta wote, Mama, kutoka kwenye mlango mpaka pembe ya mwisho, mikwaruzo yake iliegemea upande wa mtu wa kushoto. Mimi ni mtu wa kulia, na sikupiga hata mwiko mmoja. Nilikuwa Kinango natafuta mbuzi.

Na Mzee Nassoro aliusoma. Kiganja kile kilikuwa kinasoma.

Jioni yake nilimfuata, jua halijazama bado, alikuwa peke yake anaosha miguu. Nikamwamkia shikamoo akaitikia marahaba. Nikamwambia, "Mzee, ule mkono si wangu. Nawe umeuona."

Akasema, "Nimeuona."

"Basi kwa nini?"

Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Alisema, "Hamadi ni damu ya dada yangu. Nikimwangusha mbele ya watu, nani atanizika? Wewe una miguu, Suleimani. Utakwenda, utapata kwingine. Yeye atabaki hapa."

Wiki ile ile nikaondoka. Nilikwambia nakwenda kutafuta kazi. Nilikwenda kwa sababu mtu niliyempenda aliniambia nina miguu.

Mwaka wa tisa huu. Watu hudhani kisasi ni moto, Mama, lakini mimi ni mchoma chokaa na nakwambia kinafanana zaidi na zile punje. Kimelala ndani ya ukuta wangu, nimepaka juu yake kazi na sala na barua za "hali yangu ni njema", na barua yenu imekuja kama ule unyevu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilipoisoma nilicheka mpaka mwenzangu Odhiambo akaja kuuliza kulikoni.

Huyu Odhiambo nikueleze, maana naye amekwama pamoja nami. Ni mtu mzima, ana wake na watoto, nilimkuta anabeba maji ya udongo na sasa anapiga lipu ambayo siwezi kuitofautisha na yangu. Mimi ndiye niliyemfunda. Nilimsimulia desturi yetu kwa mazungumzo tu, na yeye akaichukua kwa moyo wote, akaenda dukani akarudi na nguo nyeupe anataka kunivika. Nikamkatalia. Nikamwambia siwezi kuvikwa, kwa kuwa mimi mwenyewe sijamaliza. Akaniangalia. "Kwetu," akasema, "mtu akijua kazi, anafanya kazi." Nguo yake iko juu ya rafu yake imekunjwa, na kila nikiingia kwake nageuza uso. Hilo nalo nimeliongeza kwenye deni la Mzee Nassoro, kwa maana anayenizuia kuvikwa ni yeye.

Na mimi nikilala na hasira zangu hutambua jambo moja linalonipendeza. Na mimi ndiye ninayemzuia yeye. Kwa miaka tisa alikuwa ameketi Munje akiitwa fundi kwa huruma, na wa kumfanya fundi wa kweli yuko Kisumu anajiita mwanafunzi kwa kila anayeuliza. Nikibaki mwanafunzi, yeye anabaki mchoma mawe.

Unaniomba nisamehe. Kama ni wewe kweli uliyeomba, nisamehe wewe mimi, kwa sababu siwezi bure. Sitaki kumvika mzee wa watu kilemba cha ukoka, nimsifie mbele za watu huku moyo wangu unatema kama ule ukuta. Nitamvika cha kweli au sitamvika.

Huyu bwana wa Mkongani amekukabidhi kifurushi. Kifungue sasa. Ndani yake ni ile bafta, ile ile, sikununua nyingine. Nimeifua mara moja kila mwaka kabla ya Ramadhani, nikaikunja kwa mikunjo yake ya siku ile. Inuse, bado ina ubani wako.

Mjomba Rashidi, shikamoo. Kazi yako ni hii. Ijumaa ijayo baada ya sala, watu wakiwa bado uani kwa msikiti, mshike Mzee Nassoro mkono kwa upole, kwa kuwa haoni. Mpeleke nyuma ya ule mlango wa upande wa kisima. Mlango ukifunguliwa hufunika pale, ndiyo maana chokaa inayopakwa kila Ramadhani haifiki, na lipu ya siku ile ipo hapo mpaka leo kama ilivyopigwa. Huyu bwana wa reli niliwahi kumwomba apaangalie, akaniambia ipo. Mwekee mzee kiganja ukutani. Macho yamemzimika lakini kile kiganja ndicho kilichosoma tangu mwanzo. Kisha muulize swali moja, kwa sauti ambayo watu watasikia: "Huu ni mkono wa nani?"

Sitaki zaidi ya hapo. Asiniombe radhi, asilie, asinirudishie miaka. Ataje jina tu mbele ya watu wale wale walioona pilau ya mama yangu ikirudi. Akilitaja, mjomba, mfunge kilemba pale pale kwa niaba yangu, umfunge vizuri, mizunguko yote, na umwite fundi, maana hapo atakuwa amenifunda la mwisho. Na mimi siku nitakayosikia nitakwenda kwa Odhiambo, niiname, aniwekee nguo yake kichwani.

Hamadi atapoteza hoteli. Najua. Hamadi, nimekuhesabia hilo, na sikusikitikii. Ulikuwa na ulimi miaka tisa, ukautumia kumwandikia mama yangu maneno ya msamaha ambayo hakuyasema.

Na kama Mzee Nassoro ataweka kiganja ukutani akanyamaza, au akataja jina langu tena, basi usimgombeze. Mrudishe nyumbani taratibu. Lakini ile nguo usiilete Kisumu, Mama. Iweke sandukuni kwako. Ni bafta nyeupe, ndefu, haina doa, na yeye ni mzee, siku yake haiko mbali kama ya mtu yeyote. Aliuliza nani atamzika. Mwambieni sanda ninayo mimi, ipo tayari, nimempelekea. Watu watakaomwosha wajue tu kwamba kile watakachomkunjia kilikuwa kiwe kilemba.

Nimemaliza. Sasa nisalimie watu wa nyumbani. Dada Mwanajuma, mwambie yule mtoto aliyemzaa nimesikia ana kelele, na hilo ni jambo jema katika nyumba yetu iliyonyamaza sana. Mke wa mjomba, aliyetufungulia mlango siku tuliyorudi na masufuria, na akayala yale mapilau siku tatu akisema ni matamu, salamu zake ziwe nyingi kuliko za wote. Mke wa Mzee Nassoro mpe salamu pia, yeye hakunikosea kitu, na kanga yake aliivaa mpaka ikachakaa. Mbuzi wangu wa Kinango nasikia ana wajukuu. Usiwachinje kwa ajili yangu, wala usiwachinje mpaka Ijumaa ijayo ipite.

Goti ulichue jioni. Usimtume mtu mwingine kuniandikia jibu, mjomba ataniletea neno kwa mdomo wa bwana wa reli.

Ni mimi mwanao Sule, ambaye bado ni mwanafunzi.

Mama, Hamadi amefika mwisho. Kabla hajakurudishia karatasi, tazama ameishika kwa mkono gani.